Jina la Chuo Halikuwa Kwenye Orodha

Jumatano, tarehe kumi na sita Aprili. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka, jambo lisilo la kawaida, maana mvua ya Kakamega tunaijua: huja baada ya saa nane mchana, inapiga mabati kwa hasira, inaenda zake. Leo ilikuja asubuhi, ndogo ndogo, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nilifunga cheti changu kwa nailoni iliyotoka kwenye godoro jipya, nikakiweka kifuani chini ya sweta. Mume wangu alikuwa anafunga viatu. Akaniangalia, akacheka.

"Daktari, hicho cheti unakinyonyesha?"

Nikamwambia afadhali nilowe mimi.

Cheti chenyewe ni cha ufundi wa dawa, nilisomea miaka miwili. Leo afisa wa bodi inayosajili watu wa dawa alikuwa anakuja Kakamega kwa siku moja tu, kukagua karatasi za sisi tunaofanya kazi kwenye kemisti. Kama cheti kingekubaliwa, ningebaki kaunta kwa jina langu mwenyewe. Kama kingekataliwa, kwa mujibu wa waraka wa bodi, mwisho wa mwezi huu singeruhusiwa tena kugusa dawa. Hilo ndilo nililolibeba chini ya sweta.

Mimi si daktari. Niseme hivyo mapema, kwa sababu wateja wote huniita daktari na mimi huitika. Nilimaliza kidato cha nne na D+, na mwaka uliofuata nikaingia kwenye kemisti ile kufagia na kupanga rafu. Sasa ni miaka kumi na minne. Sijui ni siku gani hasa niliacha kufagia nikaanza kuuza dawa. Hakuna aliyeniambia vuka upande huu. Nafikiri siku moja kulikuwa na watu wengi, na mimi nilikuwa karibu.

Mwenye duka wa kwanza, ambaye nilimwita Mzee, alikuwa na karatasi zake kamili. Diploma, usajili, leseni ya kila mwaka, zote ndani ya fremu juu ya friji ya insulini. Alinifunza kuhesabu vidonge tano tano kwa kisu butu juu ya trei. Alinifunza kusoma mwandiko wa madaktari, na kunusa dawa iliyoharibika, na kutomwambia mtu "hakuna" kabla sijatazama mara mbili. Hakunifunza kwa nini dawa hii haipatani na ile. Labda aliona sitaelewa. Lakini nami sikumuuliza, kwa hivyo siwezi kumlaumu peke yake.

Sheria inataka mwenye karatasi awe dukani. Mzee alikuwa mtu wa vikao: leo kanisa, kesho kamati ya shule, kesho kutwa mahari ya mtoto wa ndugu. Siku nyingi nilikuwa peke yangu, na maduka mengi ya barabara yetu yalikuwa hivyo hivyo. Wakaguzi wakionekana, simu zilipigwa duka hadi duka: "Wageni wako Lurambi." Nyuma ya kaunta nilikuwa na kipande cha katoni chenye maandishi mekundu, TUMEENDA MATANGA. Nilikitundika mlangoni, nikafunga, nikaenda kukaa kwa mama wa mitumba kunywa chai mpaka wageni wapite. Katoni ile ilizika watu wengi. Siku Mzee alipokufa kweli niliitundika nikilia, na kesho yake mteja akanipigia simu.

"Daktari, hao wakaguzi si waliondoka jana? Mnafungua lini?"

"Ni Mzee. Ametuacha."

"Ai. Nyinyi mnajuanga kucheza."

Hakuniamini mpaka alipoona jeneza likipita.

Mjane wa Mzee, ambaye mimi humwita Mama, alibaki na duka bila karatasi, kwa maana karatasi ya mtu hairithiwi na mkewe. Akakodi cheti cha mwanamke mmoja wa Eldoret mwenye diploma. Mwanamke huyo nilimwona mara moja tu, alipoleta fremu. Tangu hapo nilifanya kazi chini ya jina lake. Mkaguzi akinikuta nilisema ameenda benki. Benki hiyo ilikuwa na foleni ndefu sana.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kuliandika popote. Wakati huo wa jina la Eldoret, alikuja mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mafua, hajalala siku mbili. Nikampa dawa ya maji. Nikamwambia, "Kijiko kimoja, asubuhi na jioni." Nilisema kijiko, sikusema kijiko gani. Kwetu kijiko kilicho karibu na jiko ni kile cha kupakulia mboga. Nilijua hivyo, kwangu pia ni hivyo, na bado sikusema. Mtoto alilala saa sita mchana akaamka kesho yake jua likiwa juu. Mama yake akarudi dukani na kijiko chenyewe mkononi kunionyesha. Kilikuwa kile cha kupakulia mboga. Yeye alikuwa anacheka.

"Daktari, dawa yako ina nguvu! Huyu mtoto amelala mpaka nikapumzika mimi."

Nikamwambia asimpe tena. Sikumwambia kwa nini. Nilimpa kikombe cha kupimia bure na akanishukuru kwa hicho pia. Mtoto yuko, anaenda shule, nimemwona. Lakini kama angekufa, jina lililokuwa ukutani lilikuwa la mtu aliyekuwa Eldoret siku hiyo, labda anafua nguo.

Baada ya hapo ndipo nilipotaka karatasi yangu. Napenda kuamini ilikuwa kwa sababu ya mtoto. Huenda pia ilikuwa kwa sababu nilipenda kuitwa daktari na nilitaka iwe kweli kidogo. Sijui ni ipi ilikuwa kubwa.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Bango lilisema cheti cha ufundi wa dawa, jioni na Jumamosi, D+ inakubaliwa. Ofisini ukutani palikuwa na fremu yenye muhuri wa serikali. Niliiangalia. Niliiangalia jinsi wateja wanavyoangalia fremu yetu, yaani niliona kioo na muhuri, nikatosheka. Mimi niliyefanya kazi miaka chini ya jina la mtu mwingine, mimi ambaye ningepaswa kuwa wa kwanza kusogea na kusoma, sikusoma. Ni mwenzangu wa darasa, dada mmoja wa Chekalini, aliyeisoma siku ya mahafali. Iliruhusu kompyuta na ushonaji. Tulimuuliza mkuu wa chuo. Akasema ile ya dawa iko njiani, inashughulikiwa Nairobi. Tukakubali. Tulikuwa tumeshavaa majoho.

Lakini nisiwaonee. Mwalimu wetu mmoja alikuwa mtu wa hospitali, na alifundisha kwa moyo. Alifika hata siku za mvua ya mawe. Yeye ndiye aliyetuambia ini linafanya nini na dawa, na figo zinafanya nini, na kwa nini dawa ya mtoto inapimwa kwa uzito wake si kwa huruma ya mama yake. Siku alipoinua kijiko cha chai na kile kikubwa na kutuambia kimoja kinabeba mara tatu ya kingine, wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nalia, nikasingizia kitunguu cha chakula cha mchana. Kwa hivyo siwezi kusema chuo kile kilikuwa wizi mtupu. Kilinifunza. Kilinidanganya tu kwamba kujifunza kwangu kungehesabiwa.

Leo tulikuwa kama watu thelathini kwenye ukumbi wa ofisi za serikali, tumekaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu na bahasha yake. Karibu yangu alikaa mwanamume wa Lumakanda, amevaa gambuti zenye tope la shamba la mahindi.

"Dada, wewe ulisomea wapi?"

"Juu ya duka la misumari."

"Afadhali. Mimi juu ya posho mili. Nilihitimu nikiwa mweupe wa unga kama mzungu."

Watu walicheka, hata wasiotaka. Mama mmoja mbele yetu akageuka, "Nyamazeni, watasikia." Yule wa Lumakanda akamjibu, "Mama, sisi ndio wagonjwa leo. Mgonjwa anaruhusiwa kulia kwa sauti."

Aliingia kabla yangu. Hakukaa ndani hata dakika kumi. Akatoka, akaweka bahasha ndani ya gambuti moja kama mtu anayeweka panga, akainama kwangu.

"Ingia, dada. Ni mtu mzuri. Atakukata polepole."

Ilikuwa kweli. Afisa alikuwa msichana, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinisalimia kwa heshima, akaniambia niketi, akafungua ile nailoni mwenyewe taratibu isichanike. Akasoma cheti mpaka mwisho. Mimi sijawahi kukisoma hivyo.

"Namba yako ya indeksi ni gani, mama?"

"Sina."

"Bodi humpa kila mwanafunzi namba anapoanza kusoma. Chuo chenu hakikutuma majina?"

"Sijui. Hatukuambiwa."

Akavuta orodha ya vyuo, akanigeuzia. "Tafuta mwenyewe, usiniamini mimi." Nilipitisha kidole toka juu hadi chini. Nikarudia. Nikatafuta pia chini ya herufi ambazo si zake, labda mtu alikosea. Aliningoja. Nje kulikuwa na watu bado, lakini aliningoja.

"Hakimo," nikasema.

"Hakijawahi kuwemo. Na hata kozi yenyewe, ya cheti, haitusaidii. Sasa hivi ni diploma. Kidato cha nne ulipata nini?"

"D+."

Akainama kidogo. "Ya diploma ni angalau C, na kemia na biolojia ndani yake."

Sikutaka kulia mbele ya mtoto kama yule. Nikamwambia nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nikamwambia aniulize chochote. Nafikiri nilisema kwa ukali, na naomba msamaha kwa hilo, hakunikosea. Akaniuliza. Mtoto wa kilo kumi, dawa ya homa, chupa ina nguvu hii, utampa kiasi gani? Nikamjibu kwa mililita. Akaniuliza mgonjwa wa presha akija na kikohozi kikavu kisichoisha nitafanya nini. Nikamwambia nitauliza kwanza anatumia dawa gani ya presha, maana kuna moja inaleta kikohozi, na nitamrudisha kwa daktari, sitamuuzia dawa ya kikohozi.

Akaweka kalamu chini.

"Unajua. Sitasema hujui. Lakini mama, mimi siwezi kuandikisha mtu kwa kumsikiliza. Nikikuandikisha wewe kwa kukusikiliza, kesho atakuja mwingine anaongea vizuri kuliko wewe na hajui."

Nilitaka kubishana. Nilimfikiria yule mtoto aliyelala. Siku ile pia ningejibu vizuri kama mtu angeniuliza. Nikamuuliza sasa nifanye nini.

"Unaweza kurudia mtihani wa kidato cha nne, halafu diploma miaka mitatu, halafu mtihani wa bodi." Alisema bila kejeli, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nilihesabu kichwani. Ningekuwa na wajukuu. "Na mpaka hapo, usiguse dawa. Sabuni, pampasi, mafuta ya kujipaka, hiyo ni biashara yako. Dawa hapana."

Akafunga cheti tena ndani ya nailoni, akanipa kwa mikono miwili. Uchungu wangu wote wa leo umekosa mtu wa kuangukia. Mkuu wa chuo amehama, simu yake haiingii. Afisa alifanya kazi yake. Mzee amelala. Anayebaki ni mimi ambaye sikusogea kusoma fremu.

Nilifika dukani saa saba. Mama alikuwa kaunta, miwani kwenye paji la uso. Alinisoma uso kabla sijafungua mdomo.

"Wamekataa?"

"Wamekataa."

"Shindwe!" Akapiga kaunta. Halafu akapoa haraka, haraka kuliko nilivyotarajia. "Sasa wewe msichana usiwe na wasiwasi. Nimeongea na yule wetu wa Eldoret. Atakubali jina lake likae mwaka mwingine. Wewe unaendelea vile vile."

"Anakujanga lini huyo?"

"Aje kufanya nini? Wewe si uko?"

"Mama, waraka wa bodi unasema mwenye cheti awe dukani."

"Waraka! Umeanza kusoma waraka leo? Miaka yote tukiwaambia ameenda benki hukusoma waraka."

Alikuwa na haki. Nilisema uwongo huo kwa mdomo wangu, mara nyingi, na mshahara wangu ulitoka humo. Nilisimama pale nikiwa nimelowa, nikamwambia sitaki tena. Nikamwambia habari ya kijiko. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Mama alisikiliza, akashusha miwani, akafuta, akaivaa.

"Mtoto alikufa?"

"Hapana."

"Basi unalia nini?"

Sijui kama nilikataa kwa ajili ya mtoto au kwa kisirani, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukatwa na nilitaka kukata mtu pia. Naandika yote mawili. Mama akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa duka, wenye sabuni na pampasi.

"Haya. Kaa huko na usafi wako."

Nilikaa. Ni hatua nne. Miaka kumi na minne sikuwahi kuona duka kutoka upande ule. Rafu za dawa zinaonekana ndogo.

Kama saa kumi aliingia bibi mmoja wa Musanda ambaye huja kila mwezi kuchukua dawa za presha na sukari. Hajui kusoma. Bahasha zake mimi huzichorea picha: jua linachomoza kwa dawa ya presha, mara moja tu, jua na mwezi kwa dawa ya sukari, asubuhi na jioni baada ya chakula. Mama alihesabu vidonge polepole, akiandika namba juu ya bahasha kwa mwandiko mzuri wa zamani. Nilikuwa napanga sabuni, nikaangalia. Vya sukari vilikuwa vinaingia kwenye bahasha ya mara moja, vya presha kwenye ile ya mara mbili. Vyote ni vyeupe, vyote ni vya mviringo. Mtu asiyevizoea hawezi kujua.

"Mama, umebadilisha bahasha."

Hakugeuka. "Si umesema hutaki kushika dawa?"

"Sijashika. Nimesema tu."

Akasimama hivyo na kisu juu ya trei. Akasoma mikebe. Akasoma tena. Akamwaga vyote, akaanza upya. Bibi alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Kwani daktari amefukuzwa?"

"Amehamia sabuni," Mama akasema.

"Daktari wa sabuni!" Bibi akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akachukua bahasha, akazigeuza huku na huku, cheko likaisha. "Na jua langu liko wapi?"

Mama alisukuma bahasha na kalamu hadi ukingoni, kuelekea kwangu. Nikachora. Kuchora si kugusa dawa, nafikiri. Kama ni kugusa, basi nimevunja sheria siku ile ile niliyoambiwa. Bibi alinunua kipande cha sabuni ya kufulia, kwa kunionea huruma.

Tukifunga, Mama alinieleza aliyoyapanga. Amempigia mtu, kuna msichana ana diploma na leseni, yuko tayari kuja kukaa dukani kutwa, kuanzia Jumatatu. Wa Eldoret atachukua fremu yake.

"Atakuwa mgeni," akasema. "Utamwonyesha dawa zinakaa wapi. Na bibi wa Musanda anachorewa nini. Na wengine."

"Sawa, Mama."

"Sijakufukuza."

"Najua."

Sina haki ya kumchukia huyo msichana, hata sijamwona. Alikaa darasani miaka mitatu, akafanya mtihani wa bodi, na chuo chake kimo kwenye orodha. Nitamwonyesha kila kitu, na nitamwambia aulize kijiko gani. Lakini nikiwa mkweli, nilipokuwa natembea kurudi nyumbani niliomba awe mjinga. Nikaomba mara mbili. Halafu nikakumbuka kwamba akiwa mjinga, anayelipa ni bibi wa Musanda.

Nyumbani walikuwa wameshajua kutokana na hatua zangu mlangoni. Nilikuwa nimepanga kama habari ni njema tuchinje ingokho, kuku wetu, ile nyekundu. Imebaki, na isitoshe bado inataga. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya murere iliyochanganywa na kunde, na omena kidogo iliyobaki jana.